Damu Haijibu Swali la Mkojo

Bi Maabara alikaribia kunikosesha mke kwa sababu ya neno moja la herufi nne. Nilitaka aandike "safi", apige muhuri, nipeleke karatasi kwa wakwe Makunduchi, mambo yaishe. Alikataa. Na mimi sikuwa mtu wa kupita njiani. Nilikuwa karani wake mwenyewe, nimekaa naye miaka sita, nikimchapia majibu ya nusu ya mji na kumletea bakuli la urojo kila saa nne asubuhi. Ungedhani mtu wa namna hiyo atanionea haya. Wapi!

Maabara ilikuwa Mlandege, juu ya duka la mapazia, vyumba viwili na ngazi nyembamba ambayo mteja mnene akipanda wengine husubiri chini. Jina lake hasa lilikuwepo kwenye leseni ukutani, lakini sijapata kumsikia mtu akilitaja. Hata yeye akipokea simu husema, "Naam, Bi Maabara hapa." Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa koti jeupe juu ya buibui, na miwani miwili shingoni. Mmoja wa kuangalia watu, mmoja wa kuangalia wadudu. Mara nyingi aliikosea, na mtu aliyetazamwa kwa miwani ya wadudu hakuisahau siku hiyo.

Kazi yetu kubwa ilikuwa magonjwa ambayo watu hawapendi kuyataja. Mtu akiumwa malaria atakwambia tangu mlangoni. Hawa wetu walipanda ngazi kimya, wakakaa kwenye benchi wakisoma bango la kunawa mikono mpaka wakalihifadhi. Wengi walikuja kwa niaba ya rafiki.

"Bi, mimi mzima," atasema bwana mmoja, jasho linamtoka. "Lakini nna rafiki yangu, akikojoa panamuwasha. Kanipa mkojo wake nikuletee."

Bi Maabara alikipokea kikopo, akakishika kiganjani kwa muda.

"Rafiki yako yuko wapi?"

"Yuko Nungwi, Bi. Kazini."

"Nungwi! Na mkojo wake ungali moto?"

Alikuwa na siri za watu wengi kuliko kadhi, na hakuna hata moja iliyowahi kumtoka. Tatizo lake lilikuwa sauti. Mwanamke yule hakuweza kunong'ona. Alijaribu, nilimuona akijaribu, uso ukimjaa mishipa, na bado mwenye duka la mapazia chini alisikia. Kwa hiyo akabuni namba. Kila mteja alipewa namba, jina likabaki kwenye daftari. Halafu akatoka na kusimama mlangoni: "Namba kumi na saba! Mkojo wako mchache, njoo uongeze!" Benchi zima likageuka kumtafuta namba kumi na saba. Namba kumi na saba naye akageuka kumtafuta namba kumi na saba. Hakuinuka mtu. Ikabidi wote wasubiri mpaka mmoja mmoja aondoke, na aliyebaki mwisho ndiye mwenyewe. Siku za Jumamosi kazi ilichelewa kwa sababu hiyo tu.

Vikopo vya maabara tulivitoa wenyewe, visafi, vina kifuniko na karatasi ya kuandika namba. Lakini aliyetaka kwenda kukojoa kwao hakukubali kukatiza Darajani na kikopo mkononi. Wakauhamishia katika vyombo walivyoona vina heshima. Tuliletewa mkojo ndani ya chupa ya chai, ndani ya kopo la maziwa ya mtoto, na siku moja ndani ya mrashi, kile chombo cha kunyunyizia marashi wageni maulidini. Bi Maabara aliweka tone chini ya hadubini, akavuta pumzi, akaniita.

"Njoo unuse. Bwana huyu ananukia vizuri kuliko mimi na wewe. Lakini marashi yashaua kila kilichokuwa hai humu. Mwambie arudi, na safari hii asinuke."

Kisa cha Ramadhani nakisimulia mpaka leo. Saa kumi na moja alasiri lilikuja sinia limefunikwa kawa zuri la ukili, limeletwa na mama mmoja wa Jang'ombe, kaliweka mezani kwangu na kushuka mbio. Nilikuwa nimefunga, tumbo limeshikana na mgongo, nikamshukuru Mungu kwa majirani wema. Nikaanza kuhisi harufu ya sambusa ambazo hazikuwepo. Nilipofunua, palikuwa na vikopo vitatu, kimoja cha mume na viwili vya wake zake, vimepangwa juu ya kitambaa cha tarizi. Bi Maabara hakucheka. Alivipima, akaandika majibu matatu katika bahasha tatu, na alipotaka kulirudisha sinia akasimama, akafikiri.

"Sinia la watu halirudi tupu," alisema.

Akanituma kununua kaimati za futari. Likaenda Jang'ombe na kawa lake, bahasha tatu chini, kaimati juu. Ilikuwa desturi ya mama yake na ya mama wa mama yake, na hakuona sababu kwa nini kisonono kiivunje.

Lakini kilichomshughulisha zaidi ni wale waliosema, "Nipime yote." Mtu anatoa mkono, anakunja kanzu, anafumba macho. "Bi, chukua damu, nipime yote." Hapo ndipo alipovua miwani yote miwili.

"Yote yapi? Damu haijibu swali la mkojo," alisema. "Ukinipa damu, ntaiuliza habari za virusi vya UKIMWI, ntaiuliza kaswende, ntaiuliza homa ya ini. Hayo inayajua, itanijibu. Nikiiuliza kisonono, itanitazama tu. Kisonono na klamidia ziko njiani huko, zinataka mkojo wa mwanzo au pamba ya kufutia. Trikomona nataka ute niutazame. Malengelenge nataka kidonda, na kiwe kibichi. Na wanawake wana shingo ya kizazi, ina kipimo chake peke yake. Sasa we nambie, umekuja kuuliza nini?"

Mtu alikuwa amekuja kuuliza kama anaweza kurudi nyumbani kwa amani. Kipimo cha hilo hatukuwa nacho.

Wengine walikuja mapema mno. Jambo limetokea Ijumaa, Jumatatu mtu yuko kwenye ngazi anataka cheti. Aliwarudisha. "Damu yako haijapata habari bado. Tutaangalia leo, kisha urudi baada ya wiki sita, kisha baada ya miezi mitatu. Na huku katikati ukae na adabu." Kijana mmoja alimwuliza kama adabu ina kidonge. Alimtazama kwa miwani ya wadudu.

Usafi wake ulikuwa wa kutisha. Alinawa mikono mpaka vidole vikakunjamana, alifuta kitasa cha mlango kwa spiriti nyuma ya kila mteja, na mimi nilipewa kalamu yangu nisishike yake. Kisha ikifika saa nne alikula urojo uliokaa kando ya barabara tangu alfajiri, na pikipiki zote za Mlandege zimeupitia. Nilipomtajia jambo hilo aliniambia kwamba wadudu wa urojo anawajua. Pia alimuogopa mjusi. Mwanamke aliyekuwa akishika vidudu vya kaswende kutwa alipanda juu ya kiti kwa sababu ya mjusi kafiri, na nikamtoa mimi, na mshahara haukuongezeka.

Sasa nirudi kwenye neno langu. Siku hizi kwetu posa ina karatasi. Zamani wazee waliulizia tabia, wakaulizia swala, wakaulizia nani kamzaa nani. Sasa wanauliza hayo na kipimo juu yake, na si vibaya, ila hawajui wanauliza nini. Wanataka karatasi yenye muhuri iseme mtoto wa watu ni mzima. Ng'ambo ya barabara yetu palifunguliwa chumba cha kupimia ambacho kilielewa hilo vizuri. Walichoma kidole, wakasoma kipimo kimoja cha UKIMWI, wakakupa cheti kilichopakwa plastiki, maua ya waridi pembeni na neno SAFI katikati, rangi ya kijani. Watu walikipenda. Muuza viatu mmoja alikitundika dukani kwake, pembeni ya leseni ya biashara. Bi Maabara alikwenda kununua makubadhi, akakisoma pale ukutani, akarudia kukisoma.

"Hiki nacho kinaisha lini?" alimwuliza.

Wateja wetu wakapungua. Mimi nikamsihi aandike neno lile, watu wanalitaka, linamdhuru nani? Akasema yeye anaandika alichokiona.

Mchumba wangu Mwanajuma alikuwa mwalimu wa chekechea Makunduchi, mtoto wa wakulima wa mwani. Tulijuana alipomleta shangazi yake kupima sukari, na nikampenda kwa namna alivyomcheka namba kumi na saba wa siku ile. Wazee wake wakaomba karatasi. Nikamwomba Bi Maabara, akanichoma, akapima damu, akauliza kama nataka na mkojo. Nikacheka. Mimi nifanye nini na mkojo, mtu mzima, siumwi popote? Wenzangu wote wanapeleka damu. Akasema sawa, akaandika. Ilikuwa karatasi moja na nusu. Nilikataa kuichapa, akaiandika kwa mkono, kwa hati yake nzuri ya kuhifadhia kasida. Nikamwambia hii itanivunjia ndoa. Akaipiga muhuri.

Niliyotendewa Makunduchi nilisimuliwa na mjomba wangu aliyenipelekea posa, na mjomba hajapona. Anasema babake Mwanajuma alisahau miwani, kwa hiyo karatasi akapewa ami yake, mtu wa sauti, muadhini. Akaisoma mbele ya wazee wote barazani.

"Virusi vya UKIMWI, havikuonekana. Kaswende, haikuonekana. Homa ya ini, haikuonekana." Wazee wakatikisa vichwa. Mjomba akaanza kuchukua tende. "Kisonono, hakupimwa. Klamidia, hakupimwa. Trikomona, hakupimwa. Malengelenge, hana kidonda, kwa hiyo sijui. Masundosundo, sijaona na sikutazama."

"Yote hayo anayo?" mzee mmoja aliuliza.

"Hapana, mzee wangu," mjomba alisema. "Hakupimwa tu."

"Kwa hivyo anaweza kuwa nayo yote?"

Mjomba wangu ni mkweli, ndiyo maana tulimtuma. Alisema ndiyo.

Nilikaa siku tatu siongei na Bi Maabara. Urojo sikumletea. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimempata mwanamke ninayemtaka, na sasa jina langu linazungushwa kusini nzima pamoja na trikomona. Siku ya nne Mwanajuma akapiga simu.

"Ile karatasi nshaisoma," alisema. "Ami kaficha, nikaichukua. Mbona nzuri?"

"Nzuri?"

"Inasema inachojua na isichokijua. Sasa hayo mengine tukapime. Mimi na wewe, wote wawili. Wazee ntawatuliza mimi."

Akaja Jumamosi. Bi Maabara alimpokea kwa furaha ambayo mimi sijapata kuiona tangu niajiriwe. Akatugawia namba. Tulikuwa peke yetu mle ndani, na mimi nimekaa hatua mbili kutoka kwake, lakini alisimama mlangoni na kuita, "Namba nne! Usiwe umekojoa saa mbili kabla, na nataka ule wa mwanzo!" Chini kwenye mapazia nikasikia mtu anakohoa. Vipimo vya kisonono na klamidia vilikwenda hospitali yenye mashine, majibu yakarudi Alhamisi iliyofuata. Aliyafungua yeye, akayatia kwenye bahasha, akanikabidhi yangu kama anavyomkabidhi mtu baki.

Mwanajuma alikuwa hana kitu. Mimi nilikuwa na klamidia.

Sikuwa nimeumwa hata siku moja. Hakuna kuwashwa, hakuna usaha, hakuna chochote. Kabla ya Mwanajuma kulikuwa na mtu mwingine, sitaki kumsema, na nilishatubu, nikadhani yamekwisha. Toba ni baina yangu na Mola wangu. Klamidia ilikuwa bado iko pale, imekaa kimya inangoja harusi. Nilisoma ile karatasi na nikaona aibu ya kweli, aibu inayopasha masikio moto.

Bi Maabara akaenda kuswali adhuhuri. Muhuri ulikuwa mezani kwangu, kompyuta mbele yangu, na Mwanajuma angefika baada ya swala. Nikachapa karatasi nyingine. Niliandika "haikuonekana" na jina langu juu yake. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, nimeshaandika neno hilo mara elfu kwa ajili ya watu wengine. Vidonge ningevinywa kimyakimya, nani angejua? Nikakaa nikiitazama. Bi Maabara aliporudi alipita nyuma ya kiti changu, akasimama kidogo, miwani sijui ipi, kisha akaenda kwenye hadubini yake, akanipa mgongo.

"Bi," nikasema, "nimwambie?"

"Mimi nshajibu swali nililoulizwa."

"Lakini ungekuwa wewe?"

Akainamia hadubini. Nilimchukia kwa dakika kama kumi. Kisha nikaifuta ile karatasi, nikashuka.

Mwanajuma alikuwa ameshafika, yuko dukani chini anajifanya anachagua mapazia ili asionekane akipanda ngazi. Nikamwendea baina ya vitambaa. Mwenye duka naye akaja, kwa kuwa wawili wakikaribia ndoa ni riziki.

"Majibu yangu yametoka," nikamwambia. "Nna klamidia."

"Hii ya zambarau inazuia jua," mwenye duka alisema. "Jirani haoni kitu."

Mwanajuma alishika ile ya zambarau. "Inatibika?"

"Vidonge siku saba."

"Ipo na ya maziwa, lakini inaonesha uchafu haraka."

"Ulikuwa unajua?" aliniuliza.

"Sikujua. Wallahi sikujua. Kulikuwa na mtu, kabla yako. Hapo pana kosa langu, silikatai."

Alikipapasa kitambaa baina ya vidole. Sijapata kusubiri namna ile, na mwenye duka alisubiri pamoja nami. Macho ya Mwanajuma yalijaa machozi lakini hayakumwagika.

"Nikatie ya kijani," alimwambia mwenye duka. "Mita nane." Kisha akanigeukia. "Vinywe vyote, usiruke hata kimoja. Na huyo mtu mwambie naye akatibiwe. Harusi tutaisogeza. Ntasema fundi hajamaliza nguo."

Ndivyo alivyosema, na wazee wakaamini. Fundi maskini hajui mpaka leo kwa nini watu wa Makunduchi wameacha kumpelekea nguo. Yule mtu nilimpigia simu, akanitukana, akaenda kutibiwa. Nilivinywa vidonge, nikarudia kipimo baada ya miezi mitatu, na tukaoana. Bi Maabara hakupata kulitaja jambo lile tena, na mimi nilimrudishia urojo wake.

Sasa amestaafu. Anakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, kwenye kichochoro ambacho pikipiki mbili hazipishani, na magoti yamemkatalia ngazi. Mkate na samaki anavivuta kwa kikapu cha kamba kutoka dirishani. Lakini watu hawakumwacha. Vijana husimama chini, mmoja baada ya mmoja, wanatazama juu na kujaribu kuuliza kwa heshima. Yeye anajibu kwa sauti ile ile. Tulipokwenda kumtembelea mwezi uliopita, kichochoro kizima kilikuwa kinaelezwa kwamba kidonda kisichouma ndicho cha kuwahiwa, na watalii wawili walisimama wakiupiga picha mlango.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, wanangu. Sukumeni mlango."

Tulikwenda na Mwanajuma na mtoto wetu wa pili, ambaye alilala mapajani kwa Bi Maabara kabla chai haijamiminwa. Tukazungumza mambo ya kawaida. Akatuuliza kama wa kwanza kaanza kusoma, akalalamika juu ya mwenye nyumba. Mwanajuma alikuwa anakizungusha kikombe tu, nikajua ana neno. Miaka kenda analo.

"Bi," alisema, "nikuulize. Siku ile, kama huyu asingeniambia, ungeniambia wewe?"

"Nsingekwambia."

"Hata kwa kunidokeza?"

"Hata kwa jicho. Ni siri ya mtu. Ningekuja harusini, nikala pilau, nikapiga vigelegele, nikaenda zangu." Alimfunika mtoto miguu kwa mtandio. "Harusini kwangu mimi alikuja. Mpimaji aliyempima mume wangu. Alikuwa anajua mume mgonjwa, akakaa na wanaume wenziwe akala, akaniombea dua ya watoto. Nkapata kujua baada ya miaka minne, hospitali, nlipoambiwa sitozaa kwa ugonjwa ule. Mume akakiri mwenyewe."

Mwanajuma aliweka kikombe chini. Nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu miaka sita, nimemkasirikia kwa ajili ya neno, na hili sikulijua.

"Yule mpimaji," Mwanajuma aliuliza, "ulimfanya nini?"

"Nlimwendea kazini kwake. Nlikwenda na hasira zangu, nimtukane mbele za watu. Nkamkuta mzee, peke yake, anaosha vipande vya kioo vya hadubini. Akanambia, 'Mwanangu, mdomo wangu haukuwa wangu.' Nkasimama pale. Nkalia weee. Kisha nkamwambia, basi nifundishe kazi yako."

"Akasemaje?"

"Akanipisha kwenye kiti chake," alisema Bi Maabara.